Sony WH-1000XM6 au WH-1000XM5: nyongeza ya bei inamfaa nani Mtwara na Lindi?

Sony ilipotoa hedifoni za WH-1000XM6 mwezi Mei 2025, bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 449.99. Zilizotangulia, yaani WH-1000XM5, zilitoka Mei 2022 kwa dola 399.99, na kabla yake WH-1000XM4 za mwaka 2020 zilianzia dola 349.99. Katika matoleo haya mawili ya mwisho kampuni imeongeza dola 50 kila mara, na mnunuzi wa Mtwara au Lindi, ambaye kwake kiasi hicho si cha kuchezea, ana haki ya kuuliza ni kitu gani kinachoongezeka masikioni mwake kila fedha inapoongezeka kwenye kaunta.

Maoni yangu ni kwamba XM6 ni bora kuliko XM5 karibu katika kila kipengele, lakini ubora huo haukugawanyika sawasawa. Umelundikana katika mambo mawili, yaani namna hedifoni zinavyokunjwa na namna zinavyobeba sauti ya mtu anayezungumza kwa simu. Jambo la tatu, ambalo ni uzimaji wa kelele, limesogea mbele kwa kiasi ambacho mkazi wa huku atakitambua katika mazingira machache tu. Asiyesafiri mara kwa mara na asiyefanya vikao kwa simu hana sababu nzito ya kulipia toleo jipya maadamu la zamani bado linapatikana kwa bei iliyoshuka.

Bei yenyewe inahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu tofauti ya dola 50 inayosomwa kwenye matangazo siyo tofauti ambayo mnunuzi atakutana nayo. Tukichukua shilingi 2,500 kwa dola ili hesabu iwe nyepesi, dola 50 ni shilingi 125,000. Bei za Marekani hutajwa bila kodi, ilhali bidhaa inayoingizwa Tanzania kihalali hutozwa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na baada ya hapo msafirishaji na muuzaji nao huweka chao. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mara nyingi XM5 haziuzwi tena kwa dola 399.99. Zimekuwa zikishuka chini ya dola 300 misimu ya punguzo inapofika, na muuzaji mwenye mzigo uliobaki hana sababu ya kuzing'ang'ania. Anayezipata kwa dola 280 huku XM6 zikiwa bado kwenye bei yake ya uzinduzi anakabiliwa na pengo la dola 170, yaani shilingi 425,000 kabla ya kodi. Hapo swali limekwisha kubadilika: linalopimwa siyo tena laki moja na robo, bali ni laki nne na ushee.

Kalenda nayo inampendelea mtu wa kusini kwa namna ambayo sidhani kama Sony waliwahi kuiwaza. Punguzo kubwa la maduka ya Marekani na ya mtandaoni huja mwishoni mwa Novemba, na huo ndio wakati ambao minada ya korosho, inayoanza Oktoba, inakuwa imekwisha kupeleka fedha kwa wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, na kupitia kwao fedha hiyo ikazunguka hadi kwa wafanyabiashara wa mjini. Mwenye uwezo wa kuvuta subira asinunue mwezi Agosti. XM6 nazo huguswa na punguzo hilo, na pengo kati ya hedifoni hizi mbili linaweza kupungua kiasi cha kubadilisha uamuzi mzima.

Sasa tuingie kwenye kelele, ambazo ndizo zilizozipa jina hedifoni za aina hii. Kanuni yake ni moja katika matoleo yote mawili: maikrofoni zilizopo nje na ndani ya kikombe cha sikio huinasa kelele, chipu hutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana hufifishana. Ugumu uko kwenye muda. Kutoka nje ya kikombe hadi sikioni ni sentimita chache tu, na sauti hupita sentimita tatu kwa muda usiofikia sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kelele nzito ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, kama ngurumo ya injini, ina wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita tatu, kwa hiyo chipu inayochelewa kidogo bado haijaharibu kazi. Kelele nyembamba ya hezi 4,000 ina wimbi lisilofika sentimita tisa, na hapo kuchelewa kidogo tu kunatosha kulifanya wimbi lililokusudiwa kuzima liwe wimbi la kuongeza. Ndiyo maana hedifoni nyingi huzima ngurumo vizuri na kuacha mazungumzo yapenye.

XM5 zina maikrofoni nane za kunasa kelele na chipu ya QN1 inayosaidiwa na nyingine iitwayo V1. XM6 zina maikrofoni kumi na mbili na chipu mpya ya QN3, ambayo Sony wanasema ina kasi zaidi ya mara saba kuliko QN1. Kwa maelezo niliyotoa hapo juu, msomaji ataona mwenyewe kasi hiyo inaelekea wapi: faida yake kubwa haiko kwenye ngurumo, ambazo XM5 zilikwisha kuzimudu, bali kwenye sauti za kati na nyembamba.

Kwa hiyo kila mtu azihesabu kelele zake. Jenereta ya duka la jirani, kiyoyozi cha ofisini, feni ya dari inayovuma usiku kucha na injini ya basi ni kelele nzito na za kudumu, na mbele ya kelele za namna hiyo XM5 hazimwachi mtu na manung'uniko mengi. Ndege ya pangaboi kati ya Dar es Salaam na Mtwara huvuma sana kwa wanaokaa usawa wa mabawa, na huo ni mvumo ambao toleo lolote kati ya haya mawili litaupunguza hadi mtu aweze kusikiliza kwa sauti ya chini. Lakini kelele inayowaudhi watu wengi wa Mtwara mjini si mvumo. Ni honi za bodaboda, watoto wanaocheza barazani, gari la matangazo linalopita na kipaza sauti juu ya paa, na mazungumzo ya watu wa meza ya pili. Hapa XM6 zina nafuu inayosikika, ingawa asije mtu akaambiwa kwamba mazungumzo yatatoweka. Yanakuwa kama yanatoka chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, na muziki wa kiasi hukamilisha kazi iliyobaki.

Safari ya basi inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu barabara ya Mtwara hadi Dar es Salaam, yenye takribani kilomita 560 kupitia Lindi, Nangurukuru, Somanga na Daraja la Mkapa, ni kipimo kizuri cha hedifoni yoyote. Ndani ya basi kuna kelele mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni injini, upepo wa madirishani na matairi, na kwa hiyo XM5 zinatosha. Ya pili ni runinga ya basi, ambayo kondakta akishaiwasha huwa haizimi, na filamu zake zimejaa watu wanaogombana kwa sauti ya juu. Kwa kelele ya pili XM6 ziko mbele, na anayesafiri njia hiyo kila mwezi kikazi ana hoja ya kweli ya kuongeza fedha. Nitie neno moja la pembeni: uzimaji wa kelele usiwashwe juu ya bodaboda wala wakati wa kuvuka barabara, kwa sababu honi ambayo hedifoni imeipunguza ni honi iliyopigwa kwa ajili yako.

Katika safari hizohizo ndipo tofauti iliyo muhimu kuliko zote inapojitokeza, nayo ni bawaba. XM4 zilikuwa zikikunjwa hadi vikombe vikaingia ndani ya mkanda wa kichwani. XM5 ziliondolewa mkunjo huo, vikombe vyake vikawa vinageuka na kulala bapa tu, na mkoba wake ukawa mpana kiasi cha kula nafasi kubwa ya begi la mgongoni. XM6 zimerudishiwa mkunjo, sasa kwa bawaba za chuma, na mkoba wake ni mdogo, unafungwa kwa sumaku badala ya zipu. Kuondoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi, kisha kukirudisha baada ya miaka mitatu na kukitangaza kama hatua mbele, ni biashara inayomruhusu mnunuzi kukunja uso. Hata hivyo manufaa yake ni ya kweli. Hedifoni isiyokunjika huishia nje ya mkoba wake, kwa kuwa mwenyewe huchoka kubeba kasha kubwa, na ikishakuwa huru ndani ya begi pamoja na chaja, chupa ya maji na viatu, mkanda wake ndio unaobeba mizigo yote hiyo kila begi linaposukumwa chini ya kiti.

Jambo hili lina uzito zaidi huku kuliko Dar es Salaam, achilia mbali London. Fundi simu wa mjini anaweza kubadilisha sponji za masikio, na akiwa hodari anaweza kubadilisha hata betri, lakini mkanda uliovunjika unahitaji kipuri kitakachoagizwa kutoka mbali kwa gharama inayokaribia kumkatisha mtu tamaa. Anayezitoa hedifoni nyumbani kila siku anunue zinazokunjwa. Ambaye hedifoni zake hazitoki juu ya meza ya kazi hatapata chochote kutoka kwenye bawaba hizo.

Kuhusu simu, XM5 zina maikrofoni nne za kubeba sauti ya mzungumzaji na XM6 zina sita, zikiwa na programu inayotenganisha sauti ya mdomo na kelele za pembeni. Ukanda wetu ni wa bahari, na upepo wa alasiri pale Shangani, Mtwara mjini, au ufukweni mwa Lindi ni adui mkubwa wa maikrofoni kuliko hata umati wa sokoni. XM6 huusafisha upepo vizuri zaidi. Mtumishi wa bandari, wa miradi ya gesi au wa shirika lolote ambaye nusu ya siku yake hupita kwenye vikao vya mtandaoni atalipwa na tofauti hii, kwa kuwa anayefaidi si yeye peke yake bali pia watu wa upande wa pili, ambao hawatamwomba arudie kila sentensi. Kwa mtu anayepokea simu mbili au tatu za kawaida kwa siku ni ziada tu, na simu yenyewe ikishikwa mkononi inafanya kazi hiyo bila gharama.

Nimeliweka suala la sauti ya muziki hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu watu wengi huanza nalo na kwa maoni yangu ndilo lenye sababu ndogo zaidi ya kulipia nyongeza. Matoleo yote mawili yana spika za milimita 30, ingawa za XM6 zimetengenezwa upya, na Sony waliwashirikisha mafundi wa kukamilisha rekodi kutoka studio za Sterling Sound, Battery Studios na Coast Mastering za Marekani katika kuirekebisha sauti yake. Matokeo ni sauti iliyosawazika zaidi, yenye uimbaji ulio wazi, ilhali XM5 zikitoka kwenye boksi huelemea kwenye besi. Msikilizaji wa taarab, anayetaka kumsikia mwimbaji na vinanda kila kimoja mahali pake, ataupenda usawa huo. Mpenzi wa singeli huenda akaona XM5 ndizo zenye uhai.

Lakini tofauti hiyo inaweza kupunguzwa sana ndani ya programu ya Sony kwenye simu, ambamo XM5 zina virekebishi vitano vya sauti pamoja na cha besi, na XM6 zina kumi. Mtu akikaa jioni moja akazishusha besi za XM5 atakuwa ameufuta umbali mkubwa kati yake na ndugu yake wa bei ghali. Zote mbili zinapokea LDAC, mfumo wa kurusha sauti hadi kilobiti 990 kwa sekunde, ambao upo kwenye simu nyingi za Android na haupo kwenye iPhone. Hata huo una maana pale tu muziki wenyewe unapokuwa na ubora wa kutosha. Nyimbo zilizojazwa kwenye memori kadi dukani, zikiwa zimebanwa hadi kilobiti 128, hazitafufuliwa na hedifoni ya milioni moja, na anayesikiliza hivyo afadhali fedha ya nyongeza aiweke kwenye kifurushi cha intaneti na huduma halali ya muziki.

Betri ni suluhu: saa 30 uzimaji wa kelele ukiwa umewashwa na saa 40 ukiwa umezimwa kwa kila toleo, na chaja yenye nguvu ya kutosha ikitoa saa tatu za kusikiliza kwa dakika tatu za kuchaji. XM6 zimeongezewa uwezo wa kusikilizwa huku zikichajiwa, jambo litakalomfurahisha anayetegemea pawabanki umeme unapokatika. Uzito nao haumsumbui mtu, kwani ni gramu 250 kwa XM5 na 254 kwa XM6, ingawa mkanda wa XM6 ni mpana zaidi na hausukumi utosi baada ya saa nyingi.

Joto ndilo ambalo toleo jipya halikuligusa. Hedifoni zinazofunika sikio lote, zenye sponji ya ngozi bandia, humtoa mtu jasho kwenye hali ya hewa ya pwani, hasa Desemba na Januari, na hakuna hata moja kati ya hizi iliyothibitishwa na mtengenezaji kuwa inahimili maji au jasho. Anayetaka kitu cha kukimbia nacho alfajiri, au cha kuvaa akifanya kazi nje ya ofisi, atafute zile ndogo za kuingiza sikioni zilizo na uthibitisho huo, na atabaki na fedha nyingi mfukoni. Vilevile hedifoni zisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, maana joto ndilo linalozeesha betri za lithiamu mapema. Kwa sababu hiyohiyo, anayeuziwa XM5 zilizokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto, au zilizotumika, aombe kuzijaribu kabla ya kutoa fedha yote.

Kuna hatari moja inayoweza kuifuta hesabu yote niliyoifanya, nayo ni bidhaa feki. Hedifoni zenye nembo ya Sony zinazouzwa kwa shilingi laki moja si XM5 wala XM6, hata boksi likiwa limechapwa kwa ustadi, na XM5 zinalengwa zaidi na waigaji kwa kuwa zimekaa sokoni muda mrefu na watu wamezoea kusikia kwamba bei yake imeshuka. Kipimo kizuri ni simu yako mwenyewe. Ziunganishe papo hapo dukani, fungua programu ya Sony uone kama inazitambua kwa jina la toleo lake na kukuonyesha namba ya programu yake ya ndani, kisha ingia kwenye mipangilio ya Bluetooth ya Android uone kama LDAC inakubali kuwashwa. Muuzaji anayekataa majaribio hayo, au anayesita kutoa risiti ya EFD, amekwisha kukujibu. Katika hali hii nakiri kwamba XM6 kutoka kwa muuzaji anayeaminika, mwenye waranti anayoweza kuitimiza, ni ununuzi wenye akili kuliko XM5 za bei poa kutoka kwa mtu ambaye namba yake ya simu hubadilika kila mwezi.

Ningeweka mipaka hii. Pengo likiwa shilingi 150,000 au pungufu, chukua XM6 bila kusitasita, kwa sababu bawaba peke yake zina thamani hiyo. Likiwa kati ya 150,000 na 300,000, jiulize kama unasafiri nazo au unafanya vikao kwa simu, na ukijibu ndiyo kwa mojawapo, lipa. Likizidi 300,000, XM5 ndizo zinazofaa kwa wengi, na hata msafiri anaweza kununua mkoba mgumu wa kuzilinda na bado akabaki na nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam.

Mwenye XM5 nzima nyumbani hahitaji kubadilisha. Zikianza kubanduka sponji, aagize jozi mpya, avue zile kuukuu kwa kuzivuta taratibu kutoka pembeni, na abonyeze mpya hadi zishike pande zote, kwa maana sponji isiyoziba vizuri huingiza kelele nyingi kuliko tofauti yote iliyopo kati ya QN1 na QN3.